Waya wa Tatu

Mtu akitaja joto la Ujiji, wageni hushangaa. Huona ziwa liko pale pale, na upepo wake, na miembe yenye vivuli vipana, wakadhani kuwa watu wa Kigoma hawana haja ya kupozwa. Laiti wangeingia katika msikiti ulioezekwa kwa bati, adhuhuri ya Ijumaa, mwezi wa Septemba kabla mvua hazijaanza, wangejua wasilolijua. Ndiyo sababu siku hizi viyoyozi haviko tena katika mabenki na mahoteli tu. Twaviona Mwanga, twaviona Gungu, twaviona katika vyumba vya wazee wagonjwa na katika nyumba za ibada. Jambo hili si baya, wala hatukushika kalamu ili kuwazuia watu wasipate ubaridi. Twaandika kwa sababu kiyoyozi kilichofungwa vibaya hupoza sawasawa na kilichofungwa vizuri. Hakinung'uniki, hakitoi moshi, wala hakipunguzi upepo wake. Mwenye nyumba hulala usingizi mzuri chini ya hatari asiyoijua.

Nasi hatusemi haya kwa kusikia. Yalitokea mbele ya macho yetu, na sehemu ya kosa ilikuwa yetu wenyewe.

Miaka michache iliyopita mtu wetu mmoja afanyaye kazi Muscat aliuletea msikiti wa mtaa wetu viyoyozi viwili, vya namna ile yenye vipande viwili: kipande kimoja hutundikwa ukutani ndani, na cha pili, chenye feni kubwa na kompresa, hukaa nje. Kamati ikatafuta fundi. Fundi akaja, akapima, akataja bei yake. Nasi tukaishika bei ile tukaivuta chini kama wafanyavyo wanunuzi wa migebuka kule Kibirizi. Akapunguza. Tukavuta tena. Mwisho akasema, "Haya, Maalim, nitajua cha kupunguza." Hatukumwuliza ni kitu gani atakachopunguza. Tulirudi nyumbani tumefurahi kuwa tumeokoa fedha za msikiti.

Alifika asubuhi, na kabla ya alasiri vyombo vyote viwili vilikuwa vinavuma. Watu walimwombea dua.

Basi zikaja mvua. Kipande cha nje cha kiyoyozi kimoja kiliwekwa juu ya vyuma vya ukutani, karibu na mabomba ya kutawadhia. Jioni moja mwanafunzi wetu wa miaka tisa, aliyekuwa bado yuko Juzuu Amma, alitawadha, akakiegemea chombo kile huku miguu yake i mitupu na imelowa. Akapiga ukelele, akaja mbio kwetu. "Maalim, mashine imeniuma!" Tulimtazama mkono, hatukuona kitu. Tukamwambia ni siafu, akae akasome. Yule mtoto alijua alichosema, nasi tulio wazima ndio tusiojua.

Siku kumi baadaye, mwadhini wetu alipitisha mkono wenye maji juu ya bati lile lile, na mkono ukakakamaa. Aliponea kwa kuwa alikuwa amesimama upande wa ngazi, akaanguka nyuma kwa uzito wake, mkono ukachomoka. Hapo ndipo tulipozima kila kitu, na ndipo tulipokumbuka siafu wetu.

Tukamwita yule fundi. Hakuona haya. Alituuliza, "Maalim, inapoza ama haipozi?" Tukasema inapoza. Akasema, "Basi mimi kazi yangu nimeimaliza." Tangu siku ile tumeyafikiri sana maneno hayo, maana hakusema uongo. Kazi tuliyomwagiza ilikuwa baridi, na baridi alituletea.

Fundi wa pili tulimtafuta kwa njia nyingine. Tuliuliza kwanza kama ana leseni ya EWURA, ambayo ndiyo mamlaka inayowapa leseni mafundi wa kufunga umeme katika majengo. Akatuonyesha kabla hatujamaliza kuuliza. Akafungua kifuniko cha chombo cha nje, akatuita tuchungulie. Mle ndani palikuwa na sehemu ya kufungia waya wenye rangi ya kijani na manjano. Waya huo haukuwapo. Kutoka kwenye ubao wa breka hadi kwenye kiyoyozi palikuwa pamevutwa nyaya mbili tu, na kati ya chombo cha nje na cha ndani ule wa kijani na manjano ulikuwa umekatwa ncha zote mbili na kukunjwa. Hicho ndicho kilichopunguzwa kwenye bei.

Yafaa kila kijana anayesoma gazeti hili aelewe kazi ya nyaya tatu, hata kama hakusudii kuwa fundi. Umeme wa majumba yetu hapa Tanzania ni volti 230. Huingia katika chombo kwa waya wa moto, hufanya kazi, kisha hurudi kwa waya wa pili uitwao nyutro. Hizo mbili zatosha kuizungusha mashine. Waya wa tatu, wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, siku zote hukaa kimya. Umefungwa kwenye bati la chombo kwa ncha moja, na ncha nyingine huishia kwenye fimbo ya shaba iliyofukiwa ardhini nje ya nyumba. Kazi yake ni ya siku ile moja ambayo waya wa moto utachubuka na kuligusa bati. Siku hiyo umeme utapata njia ya kushukia ardhini. Kama njia hiyo haipo, bati hubaki na umeme wote, likimngoja mtu. Na mtu atokaye kutawadha, mkono umelowa, mguu umelowa, hana kiatu, na saruji aliyoikanyaga imelowa, huyo ndiye njia bora kuliko zote. Ngozi kavu huuzuia umeme kwa kiasi. Ngozi yenye maji huufungulia mlango. Sijui kama pana mahali pengine mjini ambapo watu wengi namna hii hupita pekupeku na wenye maji, mara tano kwa siku.

Kwetu sisi waya wa moto ulichubuliwa na kitu kidogo mno. Pale unapoingia katika chombo kupitia tundu la bati, hapana budi tundu lile livikwe kipete cha mpira. Kipete hakikuwekwa. Kompresa hutetemeka kila inapofanya kazi, na ukingo wa bati ukausugua waya siku baada ya siku kama msumeno, hata shaba ikaonekana.

Hapa tulimwuliza fundi swali ambalo huenda msomaji naye analo: je, breka haikupaswa kukata? Jibu lake ndilo lililotutia hofu kuliko yote. Breka ya kawaida kwenye ubao, tuseme ya ampia 20, imewekwa kuulinda waya usiungue. Haikuwekwa kumlinda mtu. Haikati mpaka umeme upite kiasi chake. Lakini mwili wa mwanadamu hauhitaji ampia 20. Miliampia 30, yaani sehemu 30 za elfu moja ya ampia, zikipita kifuani kwa muda zaweza kuhatarisha maisha. Kiyoyozi cha wastani hutumia ampia 5, kiasi cha zaidi ya mara mia na hamsini ya hizo. Breka ile ingeuona umeme uuao mtu kuwa ni kitu kisicho na thamani, nayo ingekaa vile vile imewaka.

Kwa hiyo kuna breka ya namna nyingine, ihisiyo umeme unaovuja. Hiyo hulinganisha umeme ulioingia na uliorudi. Ukipungua kwa miliampia 30 hukata, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Ina kitufe kidogo cha kuijaribia. Wengi wetu tunayo nyumbani bila kujua, na hatujakigusa kitufe hicho tangu nyumba ilipotiwa umeme.

Twaomba msomaji asidhani kuwa akipata kimoja hana haja ya kingine. Fimbo ya ardhini pekee haitoshi, nasi tulikuwa tukidhani yatosha. Fundi alitufanyia hesabu kwa chaki ubaoni, na twaiandika hapa kwa faida ya wanafunzi. Tuseme ardhi pale ilipo fimbo huuzuia umeme kwa omu 50. Gawa 230 kwa 50, utapata ampia 4.6. Umeme huo hauwezi kuiangusha breka ya ampia 20, basi bati litaendelea kuwa na umeme ijapokuwa waya wa ardhi umefungwa! Na wakati wa kiangazi, udongo ukikauka, kizuizi hicho huongezeka. Lakini kwa ile breka ya uvujaji, ampia 4.6 ni nyingi mno. Hukata papo hapo, kabla mtu hajagusa. Nayo breka ya uvujaji bila waya wa ardhi hungoja mpaka mtu aguse ndipo ihisi. Kwa hiyo viwili hivi hufanya kazi pamoja, kama kufuli na ufunguo wake.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe alivyoifanya, maana tulikaa naye kutwa.

Kwanza alizima breka, kisha akaandika karatasi, "Usiwashe, mtu yuko kazini," akaibandika ubaoni. Akachukua kipimo chake, akakijaribu kwenye soketi yenye umeme kuona kama ni kizima, ndipo akapima nyaya za kiyoyozi, kisha akarudi kukijaribu tena kwenye soketi. Tuliona ni kama mtu anayetawadha mara mbili, lakini akasema kipimo kibovu husema "hakuna umeme" kwa ulimi ule ule wa kipimo kizima. Baadaye alikaa akingoja. Ndani ya chombo cha nje mna kapasita, kitu kinachoweka umeme kama mtungi uwekavyo maji, na humpiga mtu hata baada ya umeme wa nyumba kukatwa. Katika viyoyozi vya inveta, vile vinavyobadili mwendo wa kompresa, umeme uliobaki waweza kupita volti 300. Kila chombo kina maandishi yanayosema ni dakika ngapi za kungoja, naye akangoja kisha akapima. Vijana wetu wapendao kufungua vitu walijue hili.

Pili, alisoma lile bati dogo lenye maandishi ubavuni mwa chombo. Watu wengi husoma "BTU 18,000" wakadhani ndiyo hesabu ya umeme. Hiyo ni nguvu ya kupoza. Umeme kinaoutumia ni kama wati 1,600, yaani ampia 7 hivi. Fundi wa kwanza alikuwa ameviunga vyote viwili katika waya mmoja mwembamba wa milimita mraba 1.5, ule ule wa mafeni na kipaza sauti cha adhana, kwa kiungo cha kusokota na kuzungushia utepe juu ya dari. Kompresa isiyo ya inveta, wakati wa kuanza, huvuta mara tano au sita ya ampia zake za kawaida. Tuliposhusha kiungo kile utepe ulikuwa umeyeyuka, na mbao iliyo kando yake imeingia weusi. Msikiti ungeliungua.

Yeye alivuta waya mpya wa shaba wa milimita mraba 2.5, wa nyaya tatu, moja kwa moja kutoka kwenye ubao, bila kiungo katikati wala chombo kingine kuungwa humo, na breka yake yenyewe ya ampia 16, ya namna ivumiliayo mshindo wa kuanza. Kwa kiyoyozi kikubwa cha BTU 24,000, alisema, angetumia waya wa milimita mraba 4. Aliukwangua waya kwa kisu mbele yetu kabla ya kuulipia dukani, maana zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu; ukizikwangua huonekana nyeupe ndani. Karibu na chombo cha nje akaweka swichi ya kukatia isiyoingia maji, ili atakayekuja kusafisha azime pale pale na aione kwa macho yake imezimwa.

Nyaya ziunganishazo chombo cha nje na cha ndani zina namba. Moja kwa moja, mbili kwa mbili, tatu kwa tatu. Mmojawapo ni wa kupelekeana habari, na ukiubadilisha na ule wa umeme huunguza ubao wa ndani, ambao bei yake yakaribia nusu ya chombo. Hatakiwi mtu kufuata rangi kwa kuamini tu, kwa kuwa katika nyumba zetu za zamani waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni mweusi, na katika nyaya za sasa moto ni wa kahawia na nyutro ni buluu. Kadhalika vyombo vingine hupokea umeme kwa nje na vingine kwa ndani. Karatasi iliyomo katika sanduku ndiyo ya kufuatwa, ile ambayo sisi tuliitupa siku ya kwanza. Alipomaliza kukaza kila skrubu aliuvuta waya wake kwa mkono. Mmoja ulichomoka, akaukaza upya. Skrubu iliyolegea huleta joto, na joto hulegeza zaidi.

Jambo moja dogo lilitupendeza. Waya kabla ya kuingia katika chombo cha nje aliushusha chini kidogo, kisha akaupandisha, ukafanya tumbo. Maji ya mvua yashukayo juu ya waya hudondoka pale penye tumbo, hayaingii ndani. Na bomba la maji yatokayo katika chombo cha ndani alilipeleka mbali na swichi, hali la kwanza lilikuwa likidondokea juu yake.

Kuhusu radi, wenyeji wa ziwa hili hawana haja ya kuhubiriwa. Walipohesabu radi kwa satelaiti, wataalamu waliikuta Kongo ya mashariki, ng'ambo yetu tu, kuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ulimwenguni, na sisi tuko jirani. Ipo kinga ya kuweka kwenye ubao wa breka, nayo huutupa mshindo wa radi kwa njia ya waya ule ule wa ardhi; pasipo waya huo kinga ni pambo. Na umeme ukikatika, afadhali kuzima kiyoyozi na kungoja dakika kadhaa baada ya kurudi. Kwa miaka mingi umeme wa mji wetu ulitegemea majenereta ya dizeli, na tangu mwaka 2022 mkoa umeanza kuungwa na Gridi ya Taifa, lakini umeme urudipo ghafula baada ya kukatika bado waweza kuidhuru kompresa.

Mtu akinaswa, msimshike. Kimbilieni meni swichi muikate. Ikiwa iko mbali, msukumeni kwa ubao mkavu au kitu kingine kikavu kisichopitisha umeme, nanyi mkiwa mmesimama pakavu. Wanawake ndio wawao nyumbani mchana, basi na wao waonyeshwe meni swichi ilipo. Aghalabu imewekwa juu kabisa ambapo mama hawezi kuifikia bila kiti.

Mwenye nyumba asiyejua umeme aweza kumwuliza fundi wake maneno machache kabla ya kupatana bei: waya utakuwa wa nyaya ngapi, utaanzia wapi, fimbo ya ardhini iko wapi na itapimwa kwa kipimo gani, breka ya uvujaji ipo au haipo. Fundi mwema hafadhaiki. Mambo mengine na yapunguzwe, nasi hatusemi watu wasipatane bei. Lakini maswali yaje kwanza, bei ifuate.

Chombo hiki, kwa asili yake, hakikubuniwa kwa ajili ya raha ya mtu. Mwaka 1902 Willis Carrier, mhandisi wa Marekani, alikitengenezea kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, kwa kuwa karatasi zilikuwa zikivimba kwa unyevunyevu na rangi hazikai mahali pake. Tumelitaja kwa kuwa msomaji anashika karatasi iliyochapwa.

Fedha zilizobaki zilitosha kiyoyozi kimoja tu. Sasa kinafanya kazi, kina nyaya zake tatu, na kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi mwadhini hubonyeza kile kitufe, breka huanguka, naye huirudisha. Tulimwomba radhi yule mtoto mbele ya wenzake kwa habari ya siafu. Kiyoyozi cha pili kimekatwa kabisa ubaoni, kimetundikwa tu upande wa kusini, na wanaoswali upande huo hulalamika joto kila wiki. Wamekwisha kutuletea kijana anayesema aweza kukiunga kwa nusu saa. Tumemwuliza fimbo ya ardhini ataiweka wapi, naye amekwenda kufikiri.